Oili ya difu kwa magari ya porini: kuichagua, kuibadilisha na kuisoma

Difu ni lile boksi la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu ya injini kwa tairi. Ukiingia duka la oili na kuomba "oili ya difu", utawekewa mezani chupa tatu nne zisizofanana: 80W-90 GL-5, 85W-140 GL-5, 75W-90 GL-4, na nyingine imeandikwa LS ubavuni. Muuzaji atasema zote ni oili ya gia. Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba mchele na pumba vyote hutoka kwenye mpunga. Ukikosea kuchagua, gari halitazima wala taa haitawaka kwenye dashibodi. Difu itaendelea kuzunguka miezi kadhaa, kisha itaanza kulia, na siku ikilia meno yameshaliwa.

Maelezo haya ni ya magari yanayofanya kazi ngumu na yenye ekseli nzima, yaani bomba moja kutoka tairi la kulia hadi la kushoto: Land Cruiser za mfululizo wa 70 na 80, Defender, Patrol na mengine ya ukoo huo. Prado na Hilux nyingi, ambazo difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi, zinafuata kanuni zilezile. Vipimo tu ndivyo vinavyobadilika. Kwa hali ya hewa ya Afrika Mashariki, maandishi mawili ya kwenye chupa ndiyo ya kuangalia kwanza: namba inayofuata GL (daraja la ulinzi wa meno ya gia), na namba ya mwisho, ile inayokuja baada ya W. Ukishapata hizo mbili, usipoteze usingizi kwa ajili ya chapa. Difu nyingi za huku hazifi kwa chapa mbaya, zinakufa kwa maji ya mtoni.

Namba ya GL

Ndani ya difu, pinioni (gia ndogo inayoletewa nguvu na injini) ndiyo inayosukuma krauni (gia kubwa ya duara inayozungusha tairi). Kwenye difu nyingi za magari haya pinioni haikulenga katikati ya krauni; imeshushwa au kupandishwa kidogo, mpangilio unaoitwa haipoidi. Faida yake ni kwamba meno yanashikana kwa eneo kubwa, yana nguvu na hayapigi kelele. Hasara ni kwamba jino halibingiriki tu juu ya mwenzake, linateleza pia huku limekandamizwa. Mtelezo huo unaikamua oili itoke katikati mpaka chuma kinakaribia kugusa chuma.

Ndiyo maana oili ya difu imetiwa viongezi vya salfa na fosforasi. Joto la msuguano likipanda, viongezi hivyo vinashikana na uso wa chuma na kutengeneza utando mwembamba unaoliwa badala ya jino. Ile harufu kali inayobaki mikononi hata ukinawa kwa sabuni ya unga ndiyo salfa yenyewe. Oili ya injini haina ulinzi wa aina hiyo, hata iwe nzito namna gani, na haidroliki ya giaboksi ya otomatiki ndiyo kabisa.

GL-4 ina takriban nusu ya viongezi vilivyomo kwenye GL-5. Kwa difu ya haipoidi, jibu ni GL-5, hakuna majadiliano. Ukitia GL-4, difu itavumilia lami na mzigo mwepesi, lakini ukilipandisha gari mlima wa mawe kwa gia ndogo likiwa limejaa abiria na mizigo, meno yataanza kupata michirizi ya kukwanguana. Michirizi hiyo ikishaingia haitoki, na kila kilomita inaongezeka.

Kosa la upande wa pili ni kuchukua GL-5 iliyobaki na kuimwaga kwenye giaboksi ya mkono. Ndani ya giaboksi kuna ringi za shaba zinazosaidia gia kuingia bila kukwaruza. Viongezi vikali vya GL-5, hasa vya oili za bei nafuu na joto likiwa kubwa, vinaweza kuila shaba, na utelezi wake unazifanya ringi hizo zishindwe kushika, hivyo gia zinaingia kwa shida. Giaboksi nyingi za mkono za Land Cruiser zinaruhusu 75W-90 ya GL-4 au GL-5. Defender yenye giaboksi ya R380 inataka oili nyepesi ya aina ya MTF 94, na ile ya zamani ya LT77 inatumia ATF, haidroliki ya giaboksi za otomatiki. Kwa hiyo kitabu cha gari kisomwe kwa kila kifaa peke yake. Lita moja iliyobaki kwenye difu si sababu ya kuitafutia tundu lingine.

Chupa zilizoandikwa "GL-4/GL-5" kwa pamoja zinachanganya watu. Mara nyingi hiyo ni GL-5 ambayo mtengenezaji anadai inafaa pia mahali pa GL-4. Kwenye difu itumie bila wasiwasi. Kwenye giaboksi, tafuta kwanza maandishi yanayosema wazi kuwa ni salama kwa shaba. Alama nyingine ya kutafuta nyuma ya chupa ni MIL-L-2105D au SAE J2360. Hizo ni vipimo vilivyoanzia jeshi la Marekani, na J2360 ndiyo kali zaidi, kwa kuwa oili hujaribiwa kwenye maabara na barabarani kabla ya kuidhinishwa.

Uzito: 90 au 140?

Uzito hapa ni ugumu wa oili kutiririka, unaopimwa kwa sentistoki. Namba za oili ya gia hazipimwi kwa mizani moja na za oili ya injini. Oili ya gia ya 90, ikipimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, ina uzito wa sentistoki 13.5 hadi 18.5. Oili ya injini ya 40 ina 12.5 hadi 16.3. Maana yake 90 ya gia ni karibu sawa na 40 au 50 ya injini, wala si mara mbili yake. Hapo ndipo anapokosea anayedhani difu inahitaji oili nzito tu, akamimina ya injini iliyochakaa kwa kuwa "imeshakuwa nzito". Uzito anao, viongezi hana, na masizi ya injini ameyapeleka kwenye beringi.

Kutoka 90 unapita 110, ambayo ni sentistoki 18.5 hadi 24, ndipo ufike 140, yaani 24 hadi 32.5. Hiyo 140 ni nzito kwelikweli.

Namba yenye W ni ya baridi: 75W hupimwa kwa nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwa 26 chini ya sifuri, na 85W kwa 12 chini ya sifuri. Jiulize gari lako linakwenda wapi kwenye baridi ya kiasi hicho. Ukingo wa Ngorongoro asubuhi ya Julai una baridi ya kutetemesha meno, lakini haufiki huko. Vitabu vingi vya zamani vya Land Cruiser vinasema SAE 90 tupu inatosha mradi hali ya hewa isishuke chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa hiyo kwetu 80W-90 na 85W-90 ni kitu kimoja, na usikubali kuongezewa bei kwa sababu ya W ndogo.

Oili ya sintetiki ya 75W-90 ina sababu nyingine ya kununuliwa: inavumilia joto kwa muda mrefu bila kuoza wala kupungua uzito. Gari linalokimbia lami na mzigo kutwa, au linalovuta trela, litaifaidi. Gari linalovuka mito kila wiki halitaifaidi, kwa kuwa oili yake itamwagwa kwa ajili ya maji kabla haijachoka. Hapo nunua ya mineroli, nzuri ya kawaida, na uibadilishe mara nyingi. Toyota za karibuni zinaweza kutaka 75W-85 ya GL-5, nyepesi kuliko tulivyozoea. Kama kitabu cha gari lako kinasema hivyo, fuata kitabu. Mafundi wa mtaani huona ni nyepesi mno, lakini beringi na nafasi za difu hiyo vimepangwa kwa oili hiyo.

85W-140 itumie kwenye difu ya nyuma pale kazi inapokuwa ya mzigo mkubwa na joto la muda mrefu: pikapu inayobeba tani moja kwenye mchanga wa Turkana au Garissa, gari la kuvuta bowsa la maji, ekseli yenye umri mkubwa ambayo meno bado ni mazima. Difu ya mbele ya gari ambalo habu zake hufunguliwa kwenye barabara nzuri, tairi za mbele zikazunguka bila kuizungusha, inapumzika muda mwingi, kwa hiyo iache na 90. Ujue pia unacholipa. 140 inazungushwa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo mafuta ya gari yanakwenda zaidi na difu yenyewe inapata joto la kuisukuma. Tena beringi ya mbele ya pinioni inategemea oili inayorushwa na krauni na kupita kwenye kijia ndani ya nyumba ya difu. Asubuhi, oili nzito inachelewa kufika pale.

Ila 140 si dawa ya kelele. Difu inayolia imeshaumia, na oili nzito inaifunika mdomo tu. Wauzaji wa magari ya mkononi wanaijua hila hiyo, na wengine wametia hata grisi au vumbi la mbao. Unaponunua gari la mkononi, fungua nati ya difu uchovye kidole kabla ya kutoa pesa.

Difu yenye klachi, na difloki

Baadhi ya difu za nyuma, hasa kwenye Patrol na baadhi ya Land Cruiser, ni LSD: ndani yake kuna sahani za klachi zinazozuia tairi moja kuzunguka bure. Sahani hizo zinataka oili yenye kilainishi maalumu, ndiyo ile chupa yenye LS au LSD. Ukitia GL-5 ya kawaida, gari likikata kona kali taratibu, kama unapoegesha, sehemu ya nyuma itatetemeka na kutoa mlio wa kugugumia, maana sahani zinashika na kuachia badala ya kuteleza polepole.

Namna ya kujua: angalia kama kuna stika karibu na nati ya kujazia, halafu soma namba ya ekseli kwenye kibati cha gari, ambayo duka zuri la vipuri linaweza kuifasiri. Kipimo cha haraka ni kuzuia tairi za mbele kwa mawe, kuinua tairi zote mbili za nyuma kwenye stendi, kuweka gia huru na kuachia breki ya mkono, kisha kuzungusha tairi moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, difu ni ya kawaida. Likizunguka upande uleule, ni LSD. Lakini LSD iliyochakaa inaweza kujifanya ya kawaida, hivyo stika ikisema LSD, iamini stika kuliko kipimo hiki.

Difloki, kifaa cha kuzifunga tairi mbili za ekseli zizunguke pamoja, ni kitu kingine. Ile ya umeme ya Toyota au ya upepo inafunga kwa meno ya chuma, haina sahani, na inatumia GL-5 ya kawaida. Usitie oili ya LS ukidhani ni bora zaidi kwa sababu ni ghali.

Baada ya kutia oili mpya kwenye LSD, nenda uwanja mpana, zungusha gari polepole kwa mchoro wa namba nane mara kumi hivi, ili oili iingie katikati ya sahani. Kama mtetemo haujaisha baada ya siku mbili tatu, ongeza kilainishi kinachouzwa peke yake, kidogo kidogo kama chupa yake inavyoelekeza. Ukizidisha, difu inapoteza ule ushikaji uliolipia.

Kiasi cha kununua

Land Cruiser ya mfululizo wa 80 inachukua lita 2.8 mbele, au 2.65 ikiwa na difloki ya mbele, na lita 3.25 nyuma. Za mfululizo wa 70 ziko karibu na hapo, lakini zinatofautiana kwa mwaka na aina ya ekseli. Nunua lita 7 usije ukakwama na nati mkononi. Defender 110 ya zamani, yenye ekseli ya nyuma ya Salisbury, ni lita 1.7 mbele na 2.3 nyuma. Yale matufe mawili ya mbele, pale ekseli inapokunja na usukani, huchukua takriban lita 0.35 kila moja kwenye Defender zinazotumia oili hapo. Za baadaye zilitoka kiwandani na grisi laini ya kudumu, na hizo usizichanganyie oili. Namba zote hizi ni za kukusaidia dukani. Kipimo cha mwisho ni tundu la kujazia.

Dukani, kagua kizibo: pete ya chini iwe haijakatika, na chini ya kizibo kuwe na karatasi ya kuziba isiyo na dalili ya gundi mpya. Tafuta namba ya toleo iliyochapwa kwenye chupa yenyewe, na alama ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa lililo wazi iache, hata kama mwenye duka ni jamaa yako. Huna njia ya kujua kilichomiminwa humo jana. Ukifungua chupa ya GL-5 na haina hata chembe ya harufu ya salfa, shuku. Rangi haikuambii chochote.

Kubadilisha

Vifaa: soketi au spana namba 24 kwa nati za difu za Land Cruiser nyingi za ekseli nzima (difu za mbele zilizofungwa kwenye chesisi mara nyingi hutaka ufunguo wa pembe sita namba 10, na Defender hutaka ncha ya mraba ya nusu inchi), beseni la lita 5, brashi ya waya, matambara, washa mpya nne (pete za kuziba zinazokaa chini ya nati), na pampu ya mkono ya oili. Ukikosa pampu, mpira mrefu na faneli vinafanya kazi: funga faneli juu ya tairi, pitisha mpira hadi kwenye tundu. Inachukua muda, hasa kwa 140.

1. Endesha gari kilomita 10 hadi 15. Oili ya moto inatoka yote na kubeba uchafu. Ikiwa umetoka safari ndefu, subiri kidogo, maana itakuunguza.

2. Egesha mahali tambarare. Kama lazima uinue, inua pande zote kwa usawa na uweke stendi. Gari lililolala upande linadanganya kipimo, na lililo juu ya jeki tupu linaua.

3. Safisha kwa brashi na tambara pande zote za nati. Mchanga ulio juu ya nati ya kujazia unasubiri tu uifungue uingie.

4. Fungua kwanza nati ya kujazia, kabla hujaigusa ya kumwagia. Nati hizi zikikaa miaka zinashika kutu, na fundi anayemwaga oili kwanza, kisha akagundua ya kujazia haifunguki, ana gari lisiloweza kutoka hapo. Nati ikigoma, tia mafuta ya kulegeza kutu, gonga kichwa chake mara chache kwa nyundo, tumia soketi ya pembe sita. Spana ya mdomo wazi itailamba kona zake.

5. Weka beseni, fungua nati ya kumwagia, acha oili itiririke dakika 15 hadi 20. Usiharakishe; oili iliyo kwenye mirija ya ekseli inarudi taratibu.

6. Chunguza oili na sumaku ya nati. Hatua hii ina sehemu yake hapa chini.

7. Futa sumaku, weka washa mpya, rudisha nati ya kumwagia na uikaze. Kwa difu za Land Cruiser za zamani mkazo ni karibu nyutoni mita 50, yaani mkono mmoja imara kwenye spana ya kawaida. Usisimame juu ya spana.

8. Jaza mpaka oili ianze kutoka kwenye tundu la kujazia. Subiri dakika 5 hadi 10, ishuke ndani ya mirija, kisha ongeza. Ukiingiza kidole na kukikunja, oili iguswe ukingoni mwa tundu au isishuke zaidi ya milimita 5.

9. Funga na washa mpya, futa yote yaliyochafuka ili uvujaji wa kesho uonekane, kisha ukague tena baada ya kilomita 100.

Watu wengine hupenda kujaza kupita tundu kwa kuinua upande mmoja wa gari, "ili difu ishibe". Oili ya ziada ikipata moto inatafuta njia, na njia iliyo karibu ni sili ya ekseli ya nyuma. Ikipita hapo inaingia kwenye breki za ngoma na kuloweka viatu vya breki. Umeongeza nusu lita na kupoteza breki ya tairi moja.

Oili ya zamani inasema nini

Nyeusi lakini laini, yenye harufu ileile ya salfa: imezeeka kawaida. Inanuka kuungua na imekuwa nyembamba: difu imepata joto kupita kiasi, angalia kama kiwango kilikuwa chini au mzigo ulizidi.

Kwenye sumaku, uji wa kijivu unaopakika kama masizi ni wa kawaida, hasa kama difu ina meno mapya. Chenga zinazometa, zenye umbo unaloweza kulishika kwa kucha, ni za beringi au uso wa jino unaobanduka. Kipande chenye kona, hata kimoja, ni jino au sehemu ya beringi iliyovunjika. Hapo usijaze oili mpya na kuondoka, difu ifunguliwe.

Sauti nayo inasaidia. Mlio unaokuja ukikanyaga mafuta na kubadilika ukiachia hutoka zaidi kwa krauni na pinioni. Mngurumo unaokwenda na mwendo wa gari bila kujali mguu wako huelekea kwenye beringi. Kugonga kwa mpigo ule ule kila tairi linapozunguka ni jino lililokatika.

Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Hii ndiyo inayoua difu nyingi kuliko zote.

Maji

Gari limetembea saa mbili, difu ni ya moto, hewa iliyo ndani imetanuka. Unaingia mtoni. Chuma kinapoa ghafla, hewa inasinyaa, na difu inavuta pumzi. Inavuta kupitia kipumulio, kile kidude kidogo chenye kofia juu ya ekseli. Na kama kipumulio kimeziba kwa tope, inavuta kupitia sili. Vyovyote vile, inachovuta wakati huo ni maji.

Maji yakiingia, viongezi vinaharibika, oili inapoteza utando wake, na beringi zinaota kutu gari likiwa limeegeshwa. Kutu huchimba vishimo kwenye beringi, na vishimo havisubiri muda mrefu kuanza kunguruma.

Kwa hiyo, ukivuka maji yaliyofika kwenye habu, kagua ndani ya siku moja au mbili. Njia rahisi isiyopoteza oili: liache gari lilale usiku mzima, asubuhi kabla ya kuliwasha legeza nati ya kumwagia mizunguko michache tu na kinga kwa kikombe cheupe. Maji huzama chini ya oili, kwa hiyo yanakaa chini na yatatoka kwanza. Ukipata oili safi, kaza nati uendelee na safari. Lakini kama oili imeshachanganyika na kuwa ya maziwa, haitajitenga. Hiyo utaijua kwa rangi, na yote imwagwe.

Difu iliyoingia maji haisafiki kwa kumwaga mara moja. Jaza GL-5 ya bei nafuu, endesha kilomita 20 hadi 30, mwaga ingali moto, tazama rangi. Ikiwa bado ina umaziwa, rudia. Kuosha kwa dizeli au petroli kunafanywa sana magereji, na hakufai: kiasi kinachobaki kwenye mirija ya ekseli kinaipunguza nguvu oili mpya, na petroli inaweza kuwaka.

Kinga yake ni nafuu. Ondoa kipumulio cha kiwandani, weka mpira unaohimili oili wenye kipenyo cha ndani cha milimita 6 hadi 8, uupandishe mpaka juu kwenye chumba cha injini, na mwisho wake uufunge na kichujio kidogo cha petroli kikitazama chini. Acha mpira uwe na ulegevu wa kutosha, maana ekseli inashuka sana tairi likining'inia. Usiuzibe kabisa ukidhani unazuia maji; difu isiyopumua inasukuma oili yake nje kupitia sili.

Kwa Land Cruiser za ekseli nzima kuna jambo jingine la mbele. Matufe ya usukani yanatakiwa kuwa na grisi, na sili ndogo ndani ya ekseli ndiyo inayoitenga na oili ya difu. Sili hiyo ikichoka, oili inaingia kwenye grisi na supu nyeusi inavuja nyuma ya tairi. Kiwango cha difu kinashuka, na beringi za tufe zinaoshwa grisi yake. Kuongeza oili kila wiki ni kulisha shimo. Kazi inayotakiwa ni kufungua, kubadilisha sili na kutia grisi mpya, na kabla ya hapo hakikisha kipumulio hakijaziba, la sivyo sili mpya itasukumwa vilevile.

Muda

Kwa gari la lami, kilomita 40,000 ni sawa. Kwa gari la mbugani, la vumbi, mzigo na makorongo, usivuke 20,000, na kila mvukio wa maji unaoacha alama ya umaziwa unaifanya hesabu ianze upya. Difu iliyofungwa krauni na pinioni mpya imwagwe ya kwanza kwenye kilomita 800 hadi 1,000, na katika kilomita hizo isivute trela wala kupanda milima na mzigo kamili.

Andika kwa rangi nyeupe juu ya nyumba ya difu tarehe, kilomita na aina ya oili. Karatasi ya kwenye dashibodi huchukuliwa na upepo, na dereva wa zamu ijayo atakuwa mwingine. Oili iliyomwagwa irudishe kwenye madumu yake na umpelekee mkusanyaji wa oili chafu. Zoea la kupaka nguzo za uzio ili kufukuza mchwa linaiacha ardhini, na mvua ya kwanza inaipeleka kisimani.